Chupa ya Vidudu

"Nimeyaonja," Karani alisema. "Ni maji ya chumvi."

Alikuwa nje ya mlango wa Fundi, ncha za ndala zake zikigusa kizingiti bila kukivuka, ameshika kikombe cha chai kama mtu aliyeleta ushahidi. Fundi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamwambia kwamba mtu mzima anayelamba dari ya jikoni kwake ana shida kubwa kuliko maji. Karani akasema hakulamba kitu, tone limeanguka lenyewe kwenye chai yake, na si la kwanza. Fundi akamjibu ahamishe kiti. Karani akauliza atahamisha kiti mara ngapi, maana sasa hivi amebakiza chooni tu.

Mimi nasuka nywele mlango wa pili, na mlango wangu haujui kufungwa. Nilimwachia mteja kitana mkononi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, nikatoka kuwaamulia, yaani kusikiliza kwa karibu.

Ugomvi wenyewe nilikuwa naujua mwanzo hadi mwisho. Fundi anakaa ghorofa ya tatu na anashonea nguo sebuleni. Karani, aliyestaafu ofisi moja ya serikali, anakaa chini yake. Kati yao kuna dari, na juu ya dari kuna bahari. Ndivyo tunavyoliita tangi la kioo la shemeji, mume wa Fundi: refu kama kitanda cha mtoto, maji ya chumvi, mchanga, mawe, pampu inayonguruma kutwa kucha, na samaki mmoja tu. Samaki ni mdogo kama kidole gumba, rangi zake kama kitambaa ambacho Fundi mwenyewe angeogopa kukitia mkasi.

Shemeji anafanya kazi kwenye injini za meli za mizigo. Aliliweka tangi likizo moja, miaka mitatu iliyopita, akachora mstari mwekundu kwenye kioo, akasema maji yasishuke hapo, akaondoka. Anakuja mara moja kwa mwaka, na siku hizo nazo mke haendi popote. Maji yanapungua yenyewe kila siku, kwa hiyo kila asubuhi yaongezwe, tena yawe matamu, yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yake inabaki ndani. Pampu ikizima, samaki ana saa chache. Ufunguo asipewe mtu. Na kila siku saa kumi jioni shemeji anapiga simu ya video, na kabla hata ya salamu anasema, nionyeshe samaki.

Miaka mitatu Fundi hajalala nje ya nyumba ile. Binti yake, anayeishi safari ya siku nzima kutoka hapa, alipojifungua mara ya kwanza, pampu ilikufa wiki ileile, na Fundi akabaki akikoroga maji kwa mkono hadi ikaletwa nyingine. Yule mjukuu sasa anaongea. Anamwita bibi wa simu. Na mtoto wa pili alikuwa amebakiza wiki mbili. Binti hakulia wala hakulalamika, alisema tu, "Mama, safari hii njoo. Au niambie mapema kwamba huji, nizoee."

Begi lilikuwa chini ya meza ya cherehani, limefungwa tayari tangu mwezi uliopita. Kila akishona mguu wake unaligusa.

Sasa samaki naye akaanza kukonda. Ana madaha yake yule. Chakula cha pakiti anakitazama kama mgeni aliyeandaliwa kiporo. Anakula vidudu vya baharini tu, jamii ya kamba, vidogo kama vumbi la chaki, vinavyoishi kwenye mawe ya tangi, na vidudu vilikuwa vimeisha. Muuza samaki wa mapambo alishaleta chupa mbili mwaka ule na zote zikapotelea humo. Fundi aliagiza ya tatu, halafu akaanza kujuta kabla haijafika. Alikuja kukaa kwenye kiti changu bila kusukwa.

"Nikivitia, samaki anaishi, na mimi nipo naye," aliniambia. "Nisipovitia anafia mbele ya simu, na mimi ndiye niliyemuua. Niambie wewe, mlango uko wapi hapo?"

Nilimkandakanda mabega.

Basi siku hiyo ya chai ya chumvi, ugomvi umepamba moto, Muuza Samaki akapanda ngazi akihema, na chupa ameizungushia kitambaa kibichi. Akasema vidudu viko hai na havisubiri, viingie leo au avirudishe dukani. Tukaingia wote, isipokuwa Karani. Yeye ana msimamo wake: hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba asiyokaribishwa, na Fundi hajawahi kumkaribisha. Akabaki mlangoni, akaweka kikombe chini, akatoa daftari mfukoni, akaanza kusoma tarehe za matone. Alisoma kama anayeita watu kwenye foleni. Tarehe tatu, Jumamosi. Tarehe kumi, Jumamosi. Tarehe kumi na saba, Jumamosi.

Muuza Samaki alikuwa ameinama kwenye kioo. Akanyanyua kichwa taratibu.

"Jumamosi kuna nini humu ndani?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mchanga. Ukweli ni kwamba Jumamosi ni siku ya usafi. Shemeji aliwahi kusema kwenye simu kwamba mawe yameota ukoko, na Fundi ni mtu ambaye hata uzi ukidondoka anauokota. Kwa hiyo kila Jumamosi tulikuwa tunayatoa mawe, tunayapeleka jikoni yakichuruzika maji ya chumvi sakafuni, tunayasugua kwa brashi na maji ya bomba mpaka yanakuwa meupe kama meno. Beseni nilishika mimi. Shemeji alisifu sana.

Muuza Samaki akakaa kwenye kochi bila kuambiwa. Alisema kwa upole, kama daktari, kwamba kwenye ukoko ule ndimo vidudu vinamoishi na kuzaana, na maji ya bomba kwao ni sumu. Chupa mbili zile tulizichinja wenyewe kwa brashi. Hata hii ya tatu, tukiendelea hivi, ni kumlisha samaki siku tatu na kurudi palepale.

"Nikimimina," akasema, "mtu asitie mkono humu wiki sita. Asisugue, asitoe jiwe. Maji yajazwe hadi mstarini, basi. Ukishindwa kuliacha, mama, nipe samaki nikae naye mimi."

Fundi akaichukua chupa, akaishika juu ya mwanga. Ndani kulikuwa na kitu kama vumbi, ila vumbi lililokuwa na haraka. Akaitazama muda mrefu. Kisha akamwambia amimine.

Tukazima pampu, tukazima taa za tangi, tukafunga mapazia, ili samaki asivifukuze kabla havijajificha kwenye mawe. Lazima tangi likae gizani saa nzima. Pampu iliponyamaza ndipo nikatambua nimeizoea kiasi gani. Nyumba ilikuwa kama imeshika pumzi. Joto likapanda. Muuza Samaki, mimi na Fundi tumekaa gizani kama watu waliokwama kwenye lifti, na Karani anaonekana kivuli tu mlangoni, anakataa kuondoka kabla hajajibiwa habari ya dari.

Saa kumi kamili simu ikalia.

Shemeji akasema, nionyeshe samaki. Halafu akauliza mbona giza. Halafu, na hili sikuwahi kulisikia miaka yote ile, akauliza, "Wewe uko wapi?"

"Nipo," Fundi alisema. "Miaka mitatu nipo tu."

Akamweleza habari ya mawe, hakuficha wala hakunitaja. Akamweleza kwamba tangi linataka kuachwa, na yeye kesho kutwa anakwenda kwa mwanawe. Shemeji akasema asubiri, bado miezi minane tu atakuwa nyumbani. Nikasikia ile "tu" ikitua katikati ya chumba. Akauliza nani atajaza maji, na akakumbusha kwamba ufunguo asipewe mtu.

Mlangoni Karani akakohoa, akatoa sauti ambayo nadhani aliitumia miaka thelathini dirishani kazini.

"Bwana, mimi ni wa chini. Maji yakizidi hata kijiko, yanadondokea kwangu. Nitajie mwingine mwenye sababu ya kuyachunga kunishinda."

Shemeji akauliza huyo nani. Fundi akasema ni mwenye dari. Shemeji akasema watazungumza kesho, tena kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali chochote, na simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni yeye, sijui. Fundi alibaki ameishika, uso wake ukiwa na mwanga kidogo wa simu, kisha hata huo ukazima.

Saa ilipotimia tukafungua mapazia na pampu ikaanza kunguruma upya. Samaki alikuwa kwenye jiwe la mbali, anadonoa, anatulia, anadonoa tena. Fundi aliinama akalivuta begi kutoka chini ya meza, akaliweka juu ya kiti, akaenda jikoni akafunua sufuria. Akahesabu sahani nne. Mteja wangu akaniita kwa mbali, nikamjibu nakuja.

Karani akafunga daftari na kuokota kikombe chake, anataka kushuka.

"Unakwenda wapi, mzee?" Fundi akamwambia. "Ingia tule, chakula kinapoa. Ukishiba nikuonyeshe mstari ulipo."