Maikrofoni ya Kunadia Samaki

Azzan alikifungua kisanduku cha mahameli taratibu, kama anayetoa mkufu wa bibi harusi.

"Hii," alisema, "inamsikia hata mbu akipiga chafya."

"Mbu hakuomba kazi redioni, shemeji," Khairat alimjibu. "Nimeomba mimi."

Ulikuwa mwaka 1993, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba moja ya mtaa wa Kiponda. Redio ilikuwa inatafuta mtu wa kuwasomea watoto hadithi, na kila aliyeomba alitakiwa apeleke sauti yake kwenye kaseti, mwisho kesho adhuhuri. Khairat alikuwa akisomesha watoto Kurani. Tangu usichana wake alikuwa akiambiwa sauti yake ni nzito, ya kuitia punda. Kazi hii aliitaka kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Mezani palikuwa na maikrofoni mbili. Moja ni hiyo ya Azzan, mume wa dada yake, aliyerudi kutoka Maskati na maneno mengi kuliko mizigo. Ilitaka betri yake yenyewe, na ilidaka hata sauti ya chumba cha pili. Nyingine Khairat aliinunua sokoni Darajani, mali ya kikundi cha taarabu kilichovunjika. Kichwa chake kilikuwa kimebonyea, na ndani mlikuwa na sumaku na waya uliosokotwa, basi. Aina hiyo huitwa dainamiki. Haisikii ila kile kinachosogezwa karibu nayo.

"Hii ya kunadia samaki," Azzan alisema, akiisukuma kwa kidole kimoja.

Khairat alisoma ukurasa mmoja kwa ile ya Maskati, akairudisha kaseti nyuma, wakasikiliza. Sauti yake ilikuwemo, lakini mbali, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Mbele yake ilijipanga Kiponda nzima: kengele ya baiskeli, kunguru, vikombe vya muuza kahawa, na jirani yao Bi Tabia akimwambia mtu dirishani, "Khairat asome redioni? Watoto watajikojolea kabla hawajalala!"

"Unaona inavyosikia!" Azzan alisema kwa fahari.

"Imemsikia Bi Tabia. Basi kazi apewe yeye."

Azzan alichungulia dirishani akamtangazia Bi Tabia kuwa sauti yake imeingia kwenye mashine ya Maskati. Bi Tabia hakuona haya hata kidogo. Alikwenda kubadilisha kanga, akarudi kukaa palepale na kusema kwa sauti ya juu zaidi.

Shangazi yake Khairat, Bi Kawthar, akaingia na mrashi mkononi. Kwake yeye, pasomwapo kitu mbele ya watu, msomaji hunyunyizwa marashi. Ndivyo ifanywavyo maulidini. Alimnyunyizia Khairat, akamnyunyizia Azzan, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubagua wageni, akazinyunyizia na maikrofoni zote mbili usoni barabara.

"Shangazi!" Azzan alipiga ukelele.

"Nini? Na zenyewe si zimekuja kusomewa?"

Ya Maskati ilikohoa, ikachemka kama mafuta yaliyotiwa maji. Ile ya Darajani Khairat aliifuta kwa ncha ya kanga, akaijaribu. Ilikuwa vilevile.

"Yangu itakauka," Azzan alisema. "Ngoja mpaka Jumamosi. Au unataka wakucheke mpaka Makunduchi?"

"Jumamosi kazi itakuwa ya mtu mwengine. Na hata kama ingekuwa kavu, shemeji, nshasikia inavyosikia."

Alifunga madirisha, akatundika mablanketi ukutani ili mwangwi upungue, akaisogeza ile ya Darajani mpaka mdomoni, akaanza. Bi Kawthar alishika kidevu. "Khairat, mwanamke mzima, unabusu chuma?"

"Mwache," Azzan alisema. "Kapata mchumba."

Uso ulimwaka moto Khairat. Alijitenga nayo kwa haya, akasoma; kaseti ikatoa sauti nyembamba, haina mwili. Akarudi karibu kuliko mwanzo. Sasa kila "paka" na "panya" ililipuka kama mlango uliopigwa na upepo, kwa hiyo akaisogeza pembeni ya mdomo, pumzi zipite kando. Azzan alicheka mpaka akachoka. Kaseti ilipochezwa, kicheko chake hakikuwemo, na Bi Tabia hakuwemo. Ilikuwemo sauti nzito, iliyo karibu, kama ya mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda chako.

Azzan akanyoosha mkono. "Haya, nipe niipeleke mimi. Nawajua wakubwa wa pale."

"Wametaka sauti, shemeji. Hawakukutaka wewe."

Kesho yake aliipeleka mwenyewe. Muhiddin, mpokea kaseti, alianza kuisikiliza amesimama, kisha akavuta kiti.

"Umerikodi studio gani?"

"Nyumbani. Kiponda."

"Muongo! Kiponda haijapata kunyamaza." Akaisikiliza tena mpaka mwisho, akaiweka peke yake upande wa pili wa meza. "Wenzako wote wameniletea kunguru. Njoo Jumatatu. Na sauti usiibane. Iache hivyo hivyo ilivyo nzito."