Mkeka wa Wanaoomba Mtoto

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kanisani kwetu Hombolo, akina mama hutandika mkeka mbele ya madhabahu. Wanawake wanaoomba mtoto hupiga magoti juu yake, na Mama Hilda, kiongozi wao, huwapaka mafuta kwenye paji la uso. Mke wangu Aneth amepiga magoti pale kwa miaka sita. Mimi nilikaa upande wa wanaume nikimwomba Mungu amfungue tumbo.

Nina kisukari tangu kabla hatujaoana. Nilipewa vidonge, nikavinywa nilipokumbuka. Sikuwahi kufikiri kwamba ugonjwa huo una uhusiano wowote na mkeka ule.

Mwezi wa nane, tukivuna zabibu, mama yangu alikuja shambani.

"Aneth, wenzako wote wameshapata majina. Mama Ruthu, Mama Meshack. Wewe nikuite Mama Nani? Mama Zabibu?"

Wavunaji wakacheka. Aneth aliendelea kukata vishada. "Niite hivyo hivyo, mama. Na zabibu zinataka kulelewa."

Mama akanigeukia. "Yotham, mwisho Krismasi. Baada ya hapo nakutafutia mwingine, kasisi akikasirika shauri yake."

Niliogopa, nikaanza kufunga siku arobaini. Ili Mungu aone kwamba namtegemea yeye peke yake, niliviacha vidonge kabatini. Kila jioni nilifungua kwa jagi la juisi ya zabibu zetu, nzito, bila tone la maji. Siku ya ishirini na sita nilianguka shambani.

Nililazwa hospitali mjini. Nilipopata nafuu, nilimweleza Dokta Shamila sababu ya kufunga. Akanisikiliza bila kunicheka, akaniandikia vipimo, ukiwemo wa mkojo wa baada ya tendo la ndoa. Wiki mbili baadaye nilirudi kwa majibu. Akafunga mlango.

"Mkikutana na mkeo, kuna kinachotoka?"

Nikaangalia sakafu. "Kidogo sana. Siku nyingine hakuna. Nilidhani ni uchovu wa shamba."

"Si uchovu. Sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza mishipa ya fahamu. Mlango wa kibofu haufungi vizuri, mbegu zinarudi ndani badala ya kutoka. Tumezikuta kwenye mkojo wako. Ni chache, na nyingi ni dhaifu."

"Zitapona?"

"Siwezi kukuahidi. Ukiituliza sukari, mbegu zinaweza kupata nguvu. Mishipa ni ngumu zaidi, lakini kuna dawa ya kujaribu na kuna njia za kuwasaidia. Wewe omba, baba. Ila ombea na vidonge mkononi."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Aneth yote. Hakulia. Alifungua sanduku lake, akatoa bahasha chini ya vitenge.

"Walinipima mwaka juzi. Sina tatizo. Wakaandika nije na mume wangu. Nilikuambia, ukasema wanaume wa ukoo wenu hawapimwi."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo huku nakula.

"Mbona hukumwonyesha mama?"

"Nimwonyeshe ili akucheke wewe?"

Nilitoka nje nikasali, na sala yangu ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mkeka ulitandikwa. Mama yangu alikuwa amekaa safu ya pili. Aneth alikwenda mbele na wanawake watatu. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto kwa kisukari, kama inavyowaka siku hizi, lakini niliinuka, nikavuka kutoka upande wa wanaume.

Mama Hilda akashusha sauti. "Yotham, hapa ni pa akina mama."

"Najua, mama. Lakini mgonjwa ni mimi." Nikageuka ili watu wasikie. "Aneth amepimwa, ni mzima. Kisukari changu ndicho kinachotuzuia. Miaka yote hii amepiga magoti kwa ajili yangu."

Mama yangu alivuta kitenge, akajifunika mdomo. Sijui alikuwa anaficha hasira au aibu, na mpaka leo hajaniambia. Lakini habari ya mwanamke mwingine hakuitaja tena.

Aneth alisogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Nikapiga magoti. Mama Hilda alisita kidogo, kisha nikasikia kidole chake chenye mafuta kwenye paji langu.

"Umekunywa dawa?" Aneth akaninong'oneza, amefumba macho.

"Nimekunywa."

"Haya. Tuombe."