Kosa la Kipa

Mzee Musyoka hakuwa na haja na timu kubwa. Mashabiki wengine wa Kuze Rangers walifika uwanjani saa kumi, na tarumbeta zao, kuwatazama watu wazima wakicheza. Yeye alifika saa nane, jua likiwa bado kali, kuwatazama chipukizi, wale vijana wa chini ya miaka kumi na minane wanaochezeshwa kwanza. Wakubwa walipoingia, yeye alikuwa keshakunja kiti chake yuko njiani kurudi nyumbani.

"Wale nishawaona," alimwambia mkewe, Mutanu, siku alipomwuliza. "Mtu akishafika pale juu hana siri tena."

Alikuwa mtu wa reli, Mkamba aliyeletwa Mombasa na kazi akiwa na miaka ishirini na mitatu, na hapo hapo akastaafia. Tangu kustaafu alikuwa amejaza madaftari kumi na matatu. Kila kijana aliyevaa jezi ya chipukizi alikuwa na ukurasa wake: mguu anaoutumia, anavyoupokea mpira, kama anaogopa kupiga kwa kichwa, kama husema na wenzake au hununa. Na kijana akiondoka, Musyoka hakuufunga ukurasa. Alimfuata kwa simu na kwa kuuliza watu. Huyu yuko daraja la pili Nairobi. Huyu yuko Oman, mlinzi hotelini. Huyu goti lilimharibikia, sasa auza miwani Marikiti. Kocha Kingi mwenyewe, akisahau jambo la kijana fulani, alikuja kumwuliza mzee.

Katika kurasa zote hizo, ni vijana wanne tu walioandikiwa chini ya ukurasa maneno "huyu atafika." Watatu wa kwanza hawakufika. Wa nne alikuwa Zaki.

Zaki alitoka mtaa wa Kuze, mtoto wa mjane aitwaye Mwanaesha, na alijiunga na chipukizi akiwa na miaka kumi na minne: mrefu, mwembamba, mikono kama makasia. Alikuwa kipa. Mpira wa juu ukija langoni, makipa wengine hupiga kelele ili kujipa moyo. Zaki alisema tu, "Wangu," kwa sauti ya mtu anayechukua kitu chake mezani, na mabeki wakampisha. Musyoka alikuwa na kawaida ya kuweka kiti chake nyuma ya lango lile alilosimama Zaki, na kwa miaka mitatu alilisikia neno hilo mara nyingi kuliko alivyolisikia jina lake mwenyewe.

Kijana naye alimzoea. Kabla ya mechi humjia, "Shikamoo, babu," na baada ya mechi humwuliza, "Leo umeniandikaje?" Musyoka humsomea. Kama alikosea, humsomea kosa pia, na Zaki husikiliza kichwa kakiinamisha.

Jumanne moja mwaka jana, Musyoka alifika mazoezini mapema. Wenzake Zaki walikuwa bado wanafunga viatu. Zaki alikuwa keshakimbia mizunguko yake, na sasa ameketi chini nyuma ya lango, ameukumbatia mlingoti, midomo imepauka kama iliyopakwa jivu. Kiganja kimoja kilikuwa kifuani.

"Una nini, mwanangu?"

"Kiu tu, babu." Alipumua mara mbili tatu kabla ya kuendelea. "Hunijia nikikimbia sana. Kisha huondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Babu, usimwambie kocha. Jumamosi waja wale wa klabu ya Nairobi kutazama wachezaji. Nikiwekwa nje Jumamosi, nimekwisha."

Musyoka alimtazama. Na hapa ndipo akili yake iliporudi kila siku baadaye, kwa sababu hakusahau wala hakudanganywa. Alijua kwamba kijana wa miaka kumi na saba hashiki mlingoti kwa kiu. Lakini na yeye aliitaka Jumamosi ile. Aliitaka pengine kuliko Zaki.

"Kunywa maji," alisema. "Pumzika kidogo."

Jumamosi wageni wa Nairobi walikaa kivulini na miwani yao ya jua. Dakika ya thelathini na moja mpira wa adhabu ulipigwa kutoka mbali ukapanda juu. Zaki alitoka, akasema, "Wangu," akaruka, akaudaka vizuri kabisa. Alipotua alipiga magoti, mpira ukamtoka mikononi polepole, ukabingirika. Mshambuliaji wa upande wa pili akausukuma wavuni na kukimbia kushangilia na wenzake.

Musyoka aliinama kuandika. Aliandika dakika, aliandika moja bila, na mbele yake akaandika, "Kosa la kipa." Alipoinua macho, Zaki alikuwa amelala kifudifudi na watu walikuwa wanaingia uwanjani wakikimbia.

Walimzika kesho yake asubuhi. Musyoka hakujua kama mahali pake palikuwa ndani ya makaburi au nje, basi akasimama ukutani pamoja na Wakristo wengine wa timu, kofia mkononi. Watu walisema siku yake ilifika. Hakuna aliyeuliza zaidi, na yeye hakusema.

Neno lilianza kumfuata wiki ile ile. Mara ya kwanza alikuwa Biashara Street, mbele ya duka la leso, mchana, watu wamejaa. "Wangu," nyuma ya bega lake la kushoto. Akageuka. Palikuwa na mwanamke anayepigania bei, na mkokoteni wa maji. Mara ya pili alikuwa kanisani, watu wamesimama kuimba. Halikuwa na hasira neno hilo, wala huzuni. Lilikuja karibu, kwa sauti ile ile, kisha likanyamaza, na Musyoka akabaki na mwili uliokaa tayari kumpisha mtu.

Alimwambia Mutanu kwamba ni masikio ya uzee. Mutanu alimwambia aombe. Aliomba. Aliacha kwenda uwanjani miezi minne. Hata redio hakufungulia mpira. Lakini ndani ya nyumba neno lilikuja vile vile, hata akawa hakai kiti ambacho nyuma yake pana nafasi. Alikihamisha mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mwezi wa tano alirudi. Alijiambia ni heri alisikie pale linapostahili kusikika. Aliweka kiti mbali, katikati ya uwanja, na hakuleta daftari. Chipukizi wapya walikuwa wakicheza kati yao. Mpira ukapigwa juu kuelekea lango la upande wa pili, na kutoka kule likaja: "Wangu."

Musyoka alifumba macho akangoja lipite. Halikupita. Lilikuja tena, na mabeki wakapisha, na mpira ukadakwa. Aliusikia ukigonga viganja. Alipofumbua macho alimwona langoni kijana mrefu, mwembamba, mikono kama makasia. Ilimchukua dakika nzima kuelewa kwamba anamtazama mtu aliye hai.

"Huyo ni nani?" alimwuliza Kocha Kingi.

"Kamaludin, mdogo wake Zaki. Amekuja mwenyewe wiki mbili sasa." Kingi alitabasamu kwa uchungu. "Miaka kumi na mitano. Mzee, damu haidanganyi. Hebu mtazame."

Musyoka alimtazama. Alimtazama mpaka mapumziko, na mapumziko yalipofika alimwona kijana akienda peke yake nyuma ya lango, akiinama, mikono magotini. Labda alikuwa anafunga kiatu. Labda alikuwa amechoka kama anavyochoka mtoto yeyote. Alikaa hivyo muda mfupi, kisha akanyooka akarudi kwa wenzake akicheka.

Damu haidanganyi, Kingi alisema. Musyoka aliondoka uwanjani na maneno hayo, akapitia nyumbani, akachukua daftari la kumi na tatu, akaenda Kuze kwa miguu.

Mwanaesha alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kupinda leso za maduka. Alimjua mzee kwa jina, kwa maneno ya Zaki, na kwa sura, kwa kuwa alimwona siku ya mazishi.

"Hodi, mama Zaki."

"Karibu, Mzee Musyoka. Starehe, pita ndani." Alimwekea kiti, akamwuliza hali, akamwuliza watu wa nyumbani, yote kama inavyotakiwa, mpaka Musyoka akaona kwamba asiposema sasa atakunywa chai ya mwanamke huyu na kwenda zake.

Akasema. Alieleza Jumanne yote: mlingoti, midomo, kiganja kifuani, tangu Ramadhani, usimwambie kocha. Alieleza alichojibu. Mwanaesha alikuwa ameshika kipande cha leso, na wakati wote ule hakukiweka chini.

"Nini hicho mkononi?" aliuliza mwishowe.

"Ni daftari. Nilikuwa namwandika."

"Nisomee siku ile."

"Mama, si..."

"Nisomee."

Musyoka alisoma. Maneno "kosa la kipa" aliyasoma mara mbili, ili isionekane anaficha.

Mtaani watoto walikuwa wanatoka chuoni na misahafu yao, na kelele zao zilipita mlangoni zikaisha.

"Waliniambia siku yake ilifika," alisema. "Nikamshukuru Mungu, nikatulia. Miezi yote hii nimetulia. Sasa wewe waniletea Jumanne." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja kwa sababu ya Kamaludin. Yuko langoni."

"Kamaludin yuko chuoni."

"Yuko langoni, mama. Wiki mbili sasa. Na leo nimemwona akiinama."

Leso ilimwanguka. Aliinuka, akavaa buibui lake bila kioo, akafunga mlango na cherehani ikiwa bado na uzi. "Hilo la msamaha liwache," alisema. "Twende."

Walikwenda upesi, yeye mbele, Musyoka nyuma akihema. Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha. Mwanaesha hakungoja kipenga. Alikatiza uwanja katikati ya mchezo, buibui likipepea, na wachezaji mmoja mmoja wakasimama, mpaka mpira ukabaki peke yake. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono akamtoa. Hakumpiga wala hakumfokea. Mbele ya Kingi na watu wote, Musyoka akasema tena aliyoyasema Kuze, kila neno. Kingi alivua kofia akaketi chini kwenye vumbi.

Daktari aliyempima alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaonyesha moyo wa kijana kwenye kioo cha mashine, ukifunguka na kujifunga. Misuli yake ni minene kupita kiasi, alisema. Hurithiwa ndani ya nyumba, na mara nyingi mtu hajui mpaka akimbie sana. Akauliza kama yuko ndugu aliyefariki ghafla. Mwanaesha alijibu, "Yuko." Kamaludin akaandikiwa vidonge. Kutembea, ruhusa. Kukimbia, hapana. Mpira, hapana, si mwaka huu wala mwaka mwingine.

Nje ya chumba cha daktari kijana alimkuta Musyoka kwenye benchi. Alikuwa bado amevaa fulana ya kipa chini ya shati.

"Ni wewe," alisema taratibu. "Zaki alikuomba unyamaze, ukanyamaza. Mimi hata sikukuomba kitu."

Jibu lililokuwapo ni kwamba kijana yuko hai, na hilo Musyoka hakuthubutu kumwambia mtoto aliyetoka kupoteza kila alichokitaka. Akasema, "Ni kweli." Kamaludin akaenda kusimama kwa mamake.

Kingi aliwapeleka chipukizi wote wakapimwe, na wengine wote walionekana wazima. Kamaludin hakumsalimu Musyoka tena. Wakikutana njiani alivuka upande wa pili. Musyoka hakumlaumu. Alirudi kwenda uwanjani siku moja moja, akakaa na watu, na akiona kijana ameshika kifua au goti au kichwa, aliinuka akamwambia kocha hapo hapo, hata vijana wakampa jina la Polisi. Hakujali. Na neno bado lilimjia. Lilikuja kwa nadra zaidi, lakini lilikuja.

Asubuhi moja ya Jumatano alikutana na Mwanaesha mwanzo wa Biashara Street, ana furushi kubwa la leso zilizokwisha pindwa, analipeleka dukani. Tangu hospitali hawakuwa wamesema. Musyoka alipisha apite. Mwanaesha hakupita.

"Kamaludin ameanza kwenda Liwatoni," alisema. "Akaa na mafundi wa mashua, awatazama wakifanya kazi. Jana alikula vizuri."

"Nimefurahi, mama."

"Kwangu hazungumzi bado. Lakini chakula yuala." Alilihamisha furushi upande wa pili. "Wewe walala?"

Musyoka hakuwa ameulizwa hivyo na mtu. "Kidogo," alisema.

"Na mimi kidogo. Mimi humsikia Zaki mlangoni avua viatu. Kisha akaa kimya, haingii." Alisema hivyo kama anavyosema mtu habari ya maji kukatika. "Hujaambiwa umesamehewa, Mzee Musyoka. Usinielewe vibaya."

"Sijaelewa hivyo."

"Haya." Alimwelekezea mwisho mmoja wa furushi. "Basi shika hapa. Ni zito, na duka liko kule mwisho."

Akashika. Wakaingia mtaani pamoja, furushi kati yao, wakitembea polepole ili lisiguse chini.