Kidole Kimoja Kusini

Saa nne asubuhi, saa ya chai, mhudumu wa ofisi ya mipango ya ardhi alikinga birika chini ya ramani kama kawaida. Ilikuwa ramani ya maji ya chini ya ardhi, na kila penye buluu palidondoka maji ya mahali penyewe. Wapimaji walitoboa ardhi na kupima miaka mitatu kabla haijaanza kuvuja, na Mkuu hakuwasainia karatasi zao mpaka alipoyaonja maji hayo.

Mchora ramani aliyapenda maji ya kona ya kusini, alikoishi dada yake na mwanawe mchanga. Kuizunguka kona hiyo alikuwa amechora mstari mwekundu. Ndani yake hapajengwi, hapatupwi taka, hapazikwi mtu.

Siku hiyo Mkuu alikuja na kikombe mkononi.

"Kusini pale, sogeza mstari ndani kidole kimoja. Kuna watu wanataka kuweka kituo cha mafuta."

"Lakini Mkuu, hapo ndipo mvua inapoingilia ardhini. Matangi yakivuja je?"

"Ramani yenyewe inavuja na tunakunywa. Au nimtafute mwingine anayejua kushika kalamu?"

Mwenye nguvu mpishe. Mchora ramani alimpisha upesi kuliko inavyostahili mtu mzima. Aliukwangua wino kwa wembe, akapimia kidole chake kidogo badala ya cha shahada, akajiona ameitetea familia.

Baada ya masika kona ya kusini ilianza kudondoka mafuta. Mhudumu alilihamishia birika kona ya kaskazini, kwa akina Mkuu, akabandika karatasi ya kukataza viberiti. Chai haikuchelewa hata siku moja.

Dada alifika na mtoto mgongoni.

"Kaka, maji yananuka. Tumboni mwa mtoto hakitulii kitu. Nachemsha mpaka mkaa unaniishia."

Mchora ramani alijua fika kwamba sumu ile haiogopi moto. Aliona aibu, na aibu ikamfanya mkali.

"Basi chemsha zaidi!"

Mhudumu alimletea dada glasi. Alikunywa, akamnywesha mtoto, naye mtoto akatulia.

"Matamu haya. Ya wapi?"

"Ya kwa Mkuu," alisema mhudumu.

Dada alitoa chupa mkobani. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, alimweleza kwa upole kwamba maji hayo ni ya matumizi ya ofisi. Mchora ramani alishika rula, akapiga mstari ambao haukuhitajika popote.

Wiki mbili baadaye dada alirudi, mgongo mtupu. Alitaka kibali cha kumzika mwanawe karibu na nyumbani, penye kiwanja wazi nyuma ya kituo cha mafuta.

Mchora ramani aliinamia ramani na kupima. Machozi yalimdondoka juu ya karatasi, lakini ilikuwa imelowa tayari. Zamani pasingeruhusiwa. Sasa palikuwa nje ya mstari, upana wa kidole kidogo, na kwa urefu wa marehemu palitosha.

Aligonga muhuri. Ilikuwa saa nne, na mhudumu aliwamiminia chai wote wawili.