Mashine Nane

Chumba cha kusagia mahindi hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulifungwa kutwa ili unga usitoke. Humo ndimo mjomba alimosimama miaka kumi na tisa. Mpwa wake, ambaye wafanyakazi walimbatiza Mama Desibeli kwa sababu ya kipima sauti alichotembea nacho, alikaa dakika kumi tu na tayari kifua kilimbana. Akasoma kipimo: desibeli tisini na nne. Mwaka jana kilikuwa themanini na tano.

Ofisini, meneja alimsogezea fomu. Paliandikwa "Ongezeko", na visanduku viwili: dogo, kubwa.

"Tisini na nne toa themanini na tano," meneja alisema. "Logi za hesabu zilinishinda shuleni, lakini kutoa najua. Tisa tu. Weka dogo, twende zetu."

Mama Desibeli logi hazikumshinda. Alizikariri kama kasuku, akafaulu. Ni hapo mezani, kalamu mkononi, ndipo alipoanza kuzielewa. Akageuza fomu, akachora kisanduku nyuma yake.

"Hii mashine moja, bosi, themanini na tano. Ukileta ya pili kama hiyo, kipimo hakifiki mia na sabini. Kinapanda tatu tu. Ukitaka kiongezeke tatu nyingine, huongezi moja, unaongeza mbili, ziwe nne. Tatu tena, ziwe nane." Alikuwa amechora visanduku vinane. "Logi haihesabu mashine. Inahesabu umezidisha mara ngapi. Hiyo tisa yako ni kelele ya mashine nane."

"Mbona mashine ni ileile moja?"

"Beringi zake zimelika, vyuma vinasagana. Sasa inapiga kelele za nane."

Meneja akakuna shingo. "Ukiweka kubwa, nafunga chumba. Na mjomba wako nimpeleke wapi? Hebu fikiria, nakuja." Akatoka.

Alifikiria. Mjomba ndiye aliyemwombea kazi hii, na nyumbani kwa mjomba ndiko alikolala. Akiweka dogo, anamfungia ndani. Akiweka kubwa, anamfungia nje. Yeye mwenyewe hakuwa na mlango wa kutokea.

Mjomba akaingia, unga mpaka kwenye kope. Akainama, akakinga mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza.

Mnong'ono huo ulipita kioo cha ofisi, ukapita ukumbi. Makarani wakaacha kuandika.

"Weka dogo, mwanangu. Masikio yangu yamekufa, lakini bosi hajui. Usinichongee."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alimkonyeza mpwa wake, ameridhika kwamba siri imebaki kati yao wawili. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama meneja.

Mama Desibeli akaweka alama kwenye kubwa. 

Tabasamu likafutika usoni mwa mjomba. "Umenifukuza kazi, mwanangu," alisema, akidhani bado ananong'ona.

"Mzee," meneja aliita kwa sauti ya kawaida. "Ghalani nahitaji mtu wa mizani. Huko kumetulia."

Mjomba hakugeuka. Aliendelea kumtazama mpwa wake, akingoja ajitetee.

"Mzee," meneja alirudia.

Meneja akatazama fomu, akakumbuka visanduku vinane, kisha akatazama shingo ile iliyojaa unga. Akavuka chumba taratibu, akamgusa bega.