Mama Ismaili

Sijawahi kushika mimba, lakini mji mzima wa Koboko ulikuwa ukiniita Mama Ismaili. Majirani walianza kama dua: Ismaili maana yake Mungu husikia, basi wakanipa jina la mtoto niliyemwomba, ili asichelewe. Alichelewa. Jina likanizoea, na kufikia mwaka 1974 hata wauza samaki sokoni hawakujua kwamba naitwa Hawah.

Kisha mume wangu, Tahiru, akaoa mke wa pili, Kulusum, akampangia chumba mjini Arua, mtaa wa Oli. Mwaka haukuisha, bibi huyo akazaa mtoto wa kiume. Siku ya saba nikapanda lori kwenda kuwapikia wageni. Sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda ili watu wasiseme nina wivu. Ninao. Tena wa kuniunguza.

Mtoto aliponyolewa, shehe akauliza jina. Tahiru akajibu bila kunitazama, "Ismaili."

Niliuacha mwiko ndani ya sufuria, nikamvuta Tahiru nyuma ya jiko. "Hiyo jina iko yangu! Sasa watu wataita mimi nani?"

"Hawah, jina ilikuwa inakaa bure," akasema, kwa upole ulionizidishia hasira. "Mungu imesikia, imeleta mutoto. Nipe yeye jina gani ingine?"

Nikawaapiza kimoyomoyo, yeye na Kulusum wake. Dua la kuku halimpati mwewe. Niliporudi uani, wanawake walikuwa wamemzunguka Kulusum. Walikuwa wakimwita mzazi "wewe" na "binti", maana mbele yangu hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina la mwanawe.

Kulusum akaninyooshea mtoto. "Dada, shika mutoto yako."

Nilimpokea nikiomba awe na sura mbaya, au awe amefuata ukoo wa mama yake. Alikuwa na masikio ya Tahiru yaliyochomoza, na kidevu cha Tahiru. Mtoto niliyekuwa nikimwona kichwani miaka yote ndiye huyo, hakupungua kitu, ila hakutoka kwangu. Akaanza kutafuta ziwa. Nikamsogeza kifuani, ujinga tu, na alipokosa kitu akalia kwa nguvu. Wanawake wote wakanitazama.

Nikamrudisha kwa mwenyewe.

"Chukua, anataka kunyonya," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mama Ismaili."