Kicheko cha Mkunga

Tangu wastaafu, Fundi Bomba na mkewe walikuwa wakishinda nyumbani wakitazamana kama abiria waliokosa usafiri. Mume alikuwa amefukua na kufukia mabomba ya maji ya mji mzima mpaka mgongo ukagoma. Mke, ambaye mtaa wote ulimwita Mkunga, alikuwa amezalisha wanawake wengi kiasi kwamba hakuweza kufika sokoni bila lijamaa fulani lenye ndevu kumwamkia kwa heshima na kumwambia, "Mama, mimi ni wako."

Binti yao wa mwisho alichoka kuwasikia wakibishana kama dirisha lifungwe au liachwe wazi. Akawakatia tiketi za treni.

"Nendeni mji mkongwe mkatembee," alisema. "Asubuhi mnaenda, jioni mnarudi. Na msinipigie simu kushtakiana."

Ndani ya treni Mkunga alikaa dirishani, akamenya mayai ya kuchemsha na kumimina chai kutoka kwenye chupa. Alivaa gauni la bluu ambalo mumewe hakulitambua.

"Hilo umelinunua lini?"

"Lipo kabatini tangu mwaka juzi. Nilikuwa sijapata pa kulivalia."

Fundi Bomba alicheka akaongeza yai la pili. Neno lenyewe halikumgusa. Mpaka wanashuka alikuwa na furaha zake, isipokuwa tu aligundua kwamba simu yake ameiacha nyumbani kwenye chaja.

Langoni mwa mji mkongwe wageni walikusanywa pamoja, wakakabidhiwa kwa mwongozaji: mwalimu wa historia aliyestaafu, mrefu, mgongo wima, suruali nyeupe iliyonyooshwa pasi mpaka ungedhani inaweza kukata mkate. Wote wakamwita Mwalimu. Alijieleza kwamba ni mgane, watoto wake wako mbali, na kwamba mawe haya ndiyo yanayomliwaza. Wanawake kwenye kundi wakamwonea huruma. Fundi Bomba akajiuliza mawe na ugane vinahusiana nini.

Kuta zilikuwa nene, vichochoro vyembamba, na vizingiti vya mawe vimelika katikati kwa nyayo za watu. Kwenye mlango wa ngome Mwalimu aligeuka kuwaambia kitu, lakini Fundi Bomba alikuwa ameshatangulia kupita. Paji la uso likagonga jiwe, ko!

"Pole sana," alisema Mwalimu. "Nilitaka kuwaambia kwamba mlango huu ulijengwa mfupi makusudi, ili kila mwenye kiburi ainame."

"Basi leo umempata wako," alisema Mkunga, akacheka.

Hakikuwa kile kicheko cha puani alichokuwa akikitoa mezani nyumbani. Hiki kilimtoka tumboni, kichwa kikarudi nyuma, mkono ukashika kifua. Fundi Bomba alikikumbuka kutoka siku za uchumba wao. Kumbe kilikuwepo muda wote. Kumbe kilikuwa kinamsubiri mtu mwingine. Akasugua paji lake, na roho ikaanza kumchoma.

Kuanzia hapo hakuona mji tena, aliona watu wawili tu. Mwalimu akisimama, Mkunga yuko mbele. Mkunga akiuliza swali, Mwalimu anasema, "Swali zuri sana hilo, mama," kana kwamba wengine wote wanauliza upuuzi. Walipofika kwenye birika kubwa la maji chini ya ua wa ngome, Fundi Bomba aliona zamu yake imefika.

"Maji haya yalivutwa kutoka mtoni," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi kazi ya maji ndiyo maisha yangu."

"Wengi hudhani hivyo, mzee mwenzangu," alijibu Mwalimu kwa upole. "Lakini tazama mapaa yote yanavyoinamia huku, na mifereji ile. Yalikuwa maji ya mvua."

Ilikuwa kweli, mtoto yeyote angeona. Uso ukamshuka. Lililomuuma zaidi ni lile "mzee mwenzangu", maana yeye magoti yalikuwa yanalia, na mwenzake alikuwa akiruka ngazi kama kijana.

Kisha wakafika kwenye mnara, ambao ngazi zake zilizunguka juu gizani. Mkunga alimtazama mumewe.

"Magoti yatakubali kweli? Nikae nawe?"

"Aa, nenda. Nenda ukaone."

Hivyo ndivyo mdomo ulivyosema. Moyoni aliomba akatae, aketi pale kwenye benchi la mawe, na amshike mkono mbele ya wote. Mkunga akamshukuru na kupanda.

Muda si mrefu kicheko kile kikateremka kutoka juu. Fundi Bomba akainua macho. Gauni la bluu lilikuwa ukingoni, na Mwalimu anaonyesha kitu mbali kwa kidole. Halafu Mwalimu akampa darubini, lakini mkanda wake hakuuvua shingoni, hivyo Mkunga akalazimika kusogea, akainamisha kichwa karibu kabisa na kifua cha yule bwana, na kutazama.

Fundi Bomba hakungoja zaidi. Alitoka kwa lango lile lile, akashika njia ya stesheni huku akijisemea peke yake mpaka wapita njia wakampisha. Treni ya kurudi ilikuwa imesimama. Akapanda. Atashuka, anikose, aone uchungu wake, aliwaza. Honi ikalia, treni ikaanza kwenda, naye akafurahi kwa furaha mbaya. Akilini alimwona mkewe akizunguka vichochoroni, akiita, akilia.

Lakini picha ile haikukaa peke yake. Akilia, nani atamfuta machozi? Nani atampeleka huku na huku, na kumshika kiwiko kwenye ngazi? Fundi Bomba akasimama ghafla ndani ya behewa. Alikuwa amemwachia yule bwana uwanja mzima!

Stesheni ndogo ya kwanza ikamkuta tayari mlangoni. Akashuka, akamkuta mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye kofia ya kazi, akimwagilia maua kwenye makopo.

"Treni ya kurudi mji mkongwe ni saa ngapi?"

"Leo haipo tena, baba. Inayokuja ni ya jioni, inatoka huko kuelekea kule ulikokuwa ukienda."

Namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa. Siku zote alikuwa akibonyeza jina tu. Akajieleza kwa aibu, akiruka habari za darubini. Mkuu wa kituo akapiga simu stesheni ya mji mkongwe, akasikiliza, kisha akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Yupo. Anasema ubaki hapo hapo, usisogee hata hatua. Na kuna bwana mmoja mrefu yuko naye, amezunguka naye mpaka hospitali. Mtu mwema sana, wanasema."

"Nashukuru," alisema Fundi Bomba, akageukia makopo ya maua.

Treni ya jioni ilipofika, alimkuta Mkunga kwenye kiti cha dirishani, viatu vimejaa vumbi, macho mekundu. Akaketi upande wa pili.

"Nimefunua shuka za wagonjwa nisiowajua," Mkunga alisema hatimaye. "Kitanda hadi kitanda. Nilidhani umeanguka."

"Nilikuona kule juu."

"Ukaona nini?"

"Ulikuwa unacheka."

Mkunga akamgeukia. Fundi Bomba alingoja akane, aseme haikuwa kitu.

"Ndiyo, nilicheka," alisema. "Yule aliniuliza kuhusu mtoto wa kwanza niliyempokea, akanyamaza, akasubiri nimjibu. Nikafurahi. Sikufichi."

Hilo lilimchoma kuliko darubini. Alitaka kusema kwamba kisa hicho anakijua, yeye ni mumewe, lakini alipokitafuta kichwani hakukiona.

"Ulimwambiaje?"

"Leo sikwambii. Leo nina hasira na wewe."

Na kweli hakumwambia, si usiku huo wala wiki iliyofuata. Mwezi uliofuata Mkunga akafunga safari tena kwenda mji mkongwe, safari hii na mdogo wake wa kike, kumaliza aliyoyakosa. Fundi Bomba alimsindikiza stesheni shingo upande. Kutwa nzima alitengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu. Jioni Mkunga aliporudi, alimkuta mumewe ameshachemsha chai.

"Haya," alisema mume, akavuta kiti. "Huyo mtoto wa kwanza."

Mkunga alimpima kwa macho. Kisha akaanza. Ilikuwa zamu yake ya kwanza, umeme umekatika, na alikuwa akitetemeka mpaka mkasi ukamponyoka. Fundi Bomba akataka kuingilia habari za umeme wa siku zile, akajizuia, akangoja.

"Basi mama mwenyewe, katikati ya uchungu, akanishika mkono akaniambia, 'Pumua, mwanangu. Usisukume bado.'"

"Yule bwana alicheka ulipofika hapo?"

"Alicheka sana."

"Basi mimi sicheki," alisema Fundi Bomba. Akakaza uso, akashindwa, chai ikamtoka puani.